Kutu, Leseni na Bei: Miaka Tisini ya Kahawa Gusii

Walowezi wa Kizungu waliokuwa na mashamba ya kahawa Kiambu, Thika na Ruiru walitangaza sababu tatu za kumzuia Mwafrika asipande zao hilo. Ya kwanza, kahawa yake itakuwa duni na itachafua jina la kahawa ya Kenya huko London. Ya pili, wezi watapata kisingizio: watachuma usiku kwa Mzungu na asubuhi wauze kama yao. Ya tatu ilitolewa kwa lugha ya kitaalamu: magonjwa. Shamba la Mwafrika halitatunzwa, litafuga wadudu na kuvu, na kutoka huko ugonjwa utaruka ua na kumwingilia jirani mwenye leseni. Ya nne hawakuipigia kelele, ingawa hata mtoto aliijua. Mtu mwenye kahawa yake nyumbani haendi kuchuma ya mwenzake kwa mshahara wa posho.

Hiyo sababu ya tatu nimeishi nayo. Nilikuwa karani wa mizani, baadaye karani wa vitabu, katika kiwanda cha chama cha ushirika upande wa Kitutu. Vitabu vya mizani havina maneno mengi: tarehe, nambari ya mwanachama, kilo za cherry (tunda la kahawa) zilizopokelewa, basi. Lakini karani anayekaa navyo muda mrefu huanza kuona mwendo wa mambo. Watu wengi hapa kwetu watakuambia kahawa ya Gusii iliuawa na ugonjwa. Vitabu vinasema vingine. Bei huanguka kwanza, au malipo huchelewa. Kisha dawa hainunuliwi. Kisha kutu huingia. Kisha ndipo kilo zinaporomoka, na lawama zote anabebeshwa kuvu.

Anayetaka kuijua kutu ya majani asitazame jani kwa juu, maana huko ataona madoa ya manjano tu, ya mviringo, kama ya jani lolote lenye njaa. Aligeuze. Upande wa chini, pale penye doa, pana unga wa rangi ya machungwa. Ukipitisha kidole, unga unabaki kidoleni. Ukipita katikati ya mistari ya shamba lililoshikwa, unatoka na mikono ya shati iliyopakwa. Unga huo ni mbegu za kuvu ambalo wataalamu wanaliita Hemileia vastatrix. Halishiki tunda wala tawi. Linachotaka ni jani, na jani lenye maji. Tone likikaa juu ya jani kwa saa za kutosha, katika joto la wastani la nyuzi 21 hadi 25 hivi, mbegu inachipua na kupenya kupitia vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia upande wa chini. Wiki chache baadaye doa jipya linatoa unga wake, na upepo, mvua inayorusha matone, na nguo za wachumaji vinausambaza. Jani lililougua hudondoka kabla ya wakati wake. Mti hauhesabu hasara mwaka huo, kwa kuwa matunda yaliyopo bado yataiva kwa shida. Hasara inakuja msimu unaofuata, pale tawi lililobaki uchi linaposhindwa kutoa maua.

Kwa hiyo kutu ni ugonjwa wa deni. Uzembe wa mwaka huu unalipwa mwaka ujao, na karani ndiye anayeuona kwanza.

Kuvu hili ni jirani yetu wa zamani. Kumbukumbu za kisayansi zinalitaja mara ya kwanza mwaka 1861, kwenye kahawa ya porini kandokando ya Ziwa Victoria, yaani bondeni kwetu, ambako Mto Gucha unakwenda kumwaga maji yake. Huko porini lilikuwa limezoeana na mimea yake na halikuwa na sifa mbaya. Sifa hiyo ililipata ng'ambo ya bahari. Mwaka 1869 lilitambuliwa Sri Lanka, wakati huo ikiitwa Ceylon, kisiwa kilichokuwa kimefyekwa milima mizima na kupandwa kahawa peke yake, shamba likigusana na shamba. Ndani ya miaka ishirini hivi kahawa ya kisiwa hicho ilikuwa imekwisha kama zao la kutegemewa. Mwingereza mmoja kijana, Harry Marshall Ward, alipelekwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1880 kulichunguza. Alieleza jinsi mbegu zinavyosafiri na kuchipua kwenye maji ya juu ya jani, na akaonyesha kwamba kupanda mti wa aina moja kwenye eneo kubwa lisilo na kizuizi ndiko kulikoufanya ugonjwa kuwa tufani. Wakulima wa Ceylon hawakungoja. Waling'oa kahawa wakapanda chai.

Huku kwetu wamisionari Wakatoliki wa Kifaransa walipanda kahawa Bura, Taita, mwaka 1893. Baada ya hapo walowezi wakaipokea nyanda za juu karibu na Nairobi, na mwaka 1912 kutu ikaandikwa rasmi kuwa imeonekana Kenya. Msomaji aitazame tarehe hiyo vizuri. Mwaka 1912 hapakuwa na Mkisii, Mmeru wala Mkikuyu mwenye shamba la kahawa la kibiashara la kusingiziwa. Kutu ilikuwa tayari imo ndani ya mashamba yenye hati, wasimamizi na mikopo ya benki. Chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda mabichi, nao ulitambuliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922, wakati ule ule ambapo Mwafrika alikuwa amefungiwa nje. Hata hivyo hoja ya magonjwa iliendelea kurudiwa mikutanoni. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Sheria yenyewe haikusema kwa maneno makavu kwamba Mwafrika asipande. Sheria ya mwaka 1918 ilidai kila shamba la kahawa lisajiliwe, na maofisa wakajua la kufanya na maombi ya Waafrika. Wakati huo huo, ng'ambo ya mpaka, Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa tangu mwaka 1925. Wahaya wa Bukoba walikuwa na kahawa tangu kale, na Waganda nao walikuwa wanauza yao. Ilikuwa vigumu kueleza kwa nini kuvu lile lile halikufuta mashamba ya Moshi na Bukoba, ilhali lingefuta ya Kiambu kwa kuwa tu Mkikuyu amepanda miche hamsini nyuma ya nyumba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ilikubali kufanya majaribio, na kanuni za mwaka 1934 zikayawekea mipaka. Wilaya zilizochaguliwa zilikuwa tatu: Kisii, Meru na Embu. Hatukuchaguliwa kwa ubora wa udongo wetu, ingawa ni mzuri, wala kwa mvua yetu inayopita milimita 1,500 kwa mwaka na ambayo haina kiangazi cha kweli. Kwa upande wetu, jambo kubwa lilikuwa umbali. Kama ugonjwa ungetoka Gusii, ungekuwa na safari ndefu kabla ya kumfikia mlowezi wa Thika. Kila wilaya ilipewa ekari 100 za kuanzia. Mtu alitakiwa kupata leseni, kuchukua miche iliyoidhinishwa, kuipanda mahali pamoja panapokaguliwa, na kukubali kwamba shamba lililotelekezwa laweza kuamriwa ling'olewe.

Waliothubutu kwanza walikuwa machifu, wazee wa baraza na watu waliosoma misheni, wenye ardhi na wenye sauti. Jina la Musa Nyandusi, chifu wa Nyaribari, hutajwa mara nyingi miongoni mwao. Wengi walibaki pembeni wakitazama, na hawakuwa wajinga. Kahawa hukaa ardhini miaka mitatu au minne kabla ya kulipa, na uvumi ulikuwa kwamba Mzungu akishaona miti imestawi atasema shamba ni lake. Baba yangu alisimulia jinsi bwana shamba alivyokuja na fimbo yenye alama: shimo futi 2 kwenda chini, futi 2 upana, na kutoka shimo hadi shimo futi 9 kila upande. Shimo likipungua, linachimbwa upya. Magugu yakionekana, mwenye shamba anaitwa. Ukaguzi huo ulikuwa wa kudhalilisha, na baba aliuchukia hadi kufa kwake, lakini aliendelea kuchimba mashimo ya futi 2 hata baada ya uhuru.

Mlango ulifunguka hasa baada ya mpango wa Roger Swynnerton wa mwaka 1954, uliotaka wakulima wa Kiafrika wapewe mazao ya fedha: kahawa, chai, pareto. Katika miaka michache Gusii ikajipanga kwa mwinuko wake. Juu kabisa, kuelekea Nyansiongo na Kebirigo, chai na pareto. Katikati, miteremko ya Kitutu, Nyaribari, Bobasi na sehemu za Nyamira, kahawa. Vyama vya ushirika vikaota kila mto wenye maji ya kuoshea kahawa, kila kimoja na kiwanda chake: mashine ya kumenya, matangi ya kuchachushia, mifereji, meza za waya za kukaushia. Asubuhi wakulima walimwaga cherry juu ya magunia na kuchambua, mbichi huku, zilizopitiliza huku, kisha ndipo waje mizanini kwangu. Aliyeleta mbichi zilizochanganywa alirudishwa akachambue tena, hata awe mjomba wako.

Miti mingi iliyopandwa Kenya ilikuwa ya aina za SL28 na SL34, zilizochaguliwa katika miaka ya 1930 kwenye maabara ya Scott kule Kabete. Ladha yake imeipa nchi jina, lakini mbele ya kutu na chulebuni ni dhaifu. Kisii ilipata pia Blue Mountain, aina yenye asili ya Jamaika, ambayo huvumilia chulebuni kiasi. Dhidi ya kutu, zote zilihitaji ulinzi mmoja: dawa ya shaba.

Kupiga shaba kulikuwa kazi ya nyumba nzima. Ghala la chama lilitoa mfuko kwa mkopo na kukata malipo yakija. Watoto walipanda na kushuka mtoni kuleta maji, mama akakoroga unga wa buluu-kijani kwenye pipa, baba akajitwika bomba mgongoni. Siri zilikuwa mbili. Kwanza, upige kabla mvua ndefu haijaanza, kwa sababu shaba huzuia mbegu isichipue. Ikishapenya ndani ya jani, umechelewa. Pili, upige kutoka chini kwenda juu, ili dawa ifike tumboni mwa jani. Mpigaji mvivu alijulikana: majani yake yalikuwa ya buluu juu na ya machungwa chini. Tena shaba ilikuwa na fadhila nyingine ambayo wazee waliigundua bila kuambiwa na mtu. Mti uliopigwa hushika majani yake muda mrefu zaidi na hubaki wa kijani kibichi hata pasipokuwa na ugonjwa wa kutisha.

Miaka ya bei nzuri, kutu haikuwa habari. Barafu ilipounguza mashamba ya Brazil Julai 1975, bei ya dunia ilipanda hadi mwaka 1977, na Gusii ikaezekwa mabati. Karo ililipwa taslimu, harusi zikawa na magari, na mtu aliyekuwa na miti mia tatu aliongea barazani akasikilizwa. Nilichokiona mimi ni kwamba katika misimu ile hapakuwa na haja ya bwana shamba kumfuata mtu na fimbo. Watu walipogoa, waliondoa machipukizi, walitandaza nyasi na kugombania foleni ya dawa.

Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mgao wa kahawa duniani ulivunjika. Bei ikaanguka, na kwetu ikaangukia mahali palipokuwa tayari panauma. Vyama vilikuwa na madeni. Malipo yalitoka baada ya miezi mingi yakiwa yamekatwa kila upande, na mkulima alipewa karatasi ya makato iliyo ndefu kuliko fedha yenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea karatasi hizo dirishani. Mong'ina mmoja (ndivyo tunavyomwita mama wa heshima) wa karibu na kiwanda, mjane aliyesomesha wana kwa kahawa, alinisikiliza hadi mwisho, akakunja karatasi yake.

"Karani, wewe ulisoma," akaniambia. "Mfuko wa shaba ni bei gani leo?"

Nikamtajia.

"Na hapa nimepata ngapi?"

Alikuwa anajua kusoma. Alitaka niseme mimi.

"Haitoshi mfuko, Mong'ina."

"Basi waambie wakubwa wako kahawa yangu haiugui. Ina njaa ya mwenyewe."

Ilikuwa marufuku kung'oa kahawa bila ruhusa. Sheria za zao hilo zilikuwa zimeurithi ukali wa mkoloni. Watu hawakung'oa. Waliacha tu. Walipanda mahindi na maharagwe katikati ya mistari, wakasimamisha migomba juu yake, na hawakupogoa tena. Mti ukawa kichaka, unyevu ukakaa ndani yake hadi saa sita mchana, na kutu ikapata nyumba iliyokuwa ikiitafuta. Baada ya misimu michache ukibaki na vijiti, hakuna afisa anayeweza kukushtaki kwa kukata kuni. Kuvu lilifanya kazi ambayo sheria ilimkataza mkulima.

Hapa ndipo ninapowapa walowezi nusu ya haki yao na kuwanyima nusu nyingine. Ni kweli kwamba shamba lililoachwa huzaa ugonjwa na kuwaambukiza majirani. Nimeliona kwa macho, mkulima hodari akipiga shaba huku upepo ukimletea unga wa kwa jirani kila alasiri. Lakini walidai kwamba uzembe huo uko katika damu ya mtu. Mikono ile ile iliyotunza mwaka 1977 ndiyo iliyoacha mwaka 1992. Kilichobadilika kilikuwa kwenye karatasi ya makato.

Wengi walihamia chai, hata katika miinuko ambayo zamani tuliihesabu kuwa ya kahawa. Ukipita leo Nyamira utakuta viwanda vya Kebirigo, Nyankoba, Sanganyi, Tombe na Gianchore, na upande wa Kisii Kiamokama, Nyamache na Ogembo. Chai hulipa kila mwezi, halafu bonasi, na kwa mtu mwenye karo hiyo ndiyo hoja kuu. Ceylon na Gusii zimefika kwenye chai kwa njia mbili. Wao kutu iliwafukuza kwenye kahawa. Sisi tuliondoka wenyewe, kutu ikaja kufunga mlango nyuma yetu.

Kando ya mistari iliyoachwa pameota lantana, kile kichaka cha kutoka Amerika chenye maua ya manjano na waridi, ambacho ng'ombe akikila huugua. Utaona mti wa kahawa umebaki mifupa, umejaa unga wa machungwa, na lantana iliyouegemea ni ya kijani haina doa. Kutu za mimea ziko maelfu, na karibu kila moja huchagua mwenyeji wake na kuwapita wengine. Uchaguzi huo wanasayansi wameugeuza kuwa silaha. Mwaka 2001 Australia iliachilia kutu kutoka Brazil, Prospodium tuberculatum, makusudi ili iishambulie lantana. Miaka kumi nyuma ilikuwa imeachilia nyingine dhidi ya magugu ya parthenium, ambayo hata Kenya yamekuwa kero. Kwa hiyo ndugu wa unga unaomfilisi mkulima hapa ananunuliwa tiketi kwingine. Kuvu halijui lipi ni zao na lipi ni gugu. Hilo huamuliwa na sisi, na sisi wenyewe hubadilisha uamuzi kila bei inapobadilika.

Watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru hawakukaa bure. Mwaka 1985 walitoa Ruiru 11, iliyobeba kinga iliyotokana na mti uliojizalia kisiwani Timor kwa kuchanganyika arabika na robusta. Inahimili kutu na chulebuni, na gharama ya dawa inashuka sana. Tatizo lilikuwa kuipata. Mbegu yake hutengenezwa kwa kuchavusha ua moja moja kwa mkono, na kwa miaka mingi mahitaji yaliishinda mikono hiyo. Batian, iliyotolewa mwaka 2010, ilirahisisha jambo hilo, kwa kuwa mbegu zake hutoa mti unaofanana na mzazi. Kituo kidogo cha utafiti wa kahawa kilichopo Kisii kimewafundisha wakulima pia kubandika vikonyo vya aina mpya juu ya mashina ya zamani. Unakata mti wa baba yako, unaacha mizizi yake ya miaka hamsini, unaweka kikonyo cha Batian, unafunga kwa nailoni. Mwaka wa pili unachuma.

Miche hiyo sasa inagawiwa na kaunti zote mbili, Kisii na Nyamira, na bei imewarudisha vijana waliokuwa wamekata tamaa. Ni habari njema. Ila kinga si ya milele: kuvu hili limeshatambuliwa katika mbari zaidi ya 50 za kijenetiki, na hutafuta ufa. Mwaka 2012 Amerika ya Kati iliamka ikakuta mashamba yake yameshikwa baada ya miaka mingi ya kuamini kwamba kutu imezoeleka. Mashamba mengi huku bado ni mchanganyiko, mistari miwili ya Batian na sita ya SL28 ambayo mzee hataki ikatwe kwa sababu ndiyo yenye ladha. Hiyo sita bado inataka shaba, tena kwa wakati.

Kwa hiyo nina neno moja kwa wanachama. Mkutano mkuu wa mwaka unapofika, wagombea huja na ahadi za miche, na watu hupiga makofi. Waulizeni maswali mengine. Malipo ya mwisho yatatoka mwezi gani? Mkopo wa dawa utakatwa kwa riba gani, na nani ameikagua? Na mifuko ya shaba itafika ghalani Februari, kabla ya mvua, au itafika Mei pamoja na picha za uzinduzi? Asiyeweza kujibu hilo la mwisho kwa tarehe, msimpe muhuri wa chama.